Macho ya Judith

Sajenti Rogers alisimama katikati ya daraja la miti, hatua mia na sitini kutoka dirisha la chumba cha Judith. Hatua hizo Mkaguzi Mwanahawa alizihesabu mwenyewe, akishuka na kupanda kati ya matuta ya kabichi, viatu vimejaa tope, koo limekauka kwa saumu. Kuna askari ambao wangemwambia mwenyekiti wa kijiji akadirie tu. Mwanahawa hakuwa mtu wa kukadiria mambo.

"Haya," alimwambia Judith. "Simama palepale uliposimama siku ile. Niambie sajenti anafanya nini."

Judith alisogea dirishani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la pili, na pande mbili za pua yake bado zilikuwa na vishimo vya miwani aliyoivaa tangu utoto. Sasa hakuwa nayo. Jumapili iliyopita, mbele ya kikundi cha maombi kinachoongozwa na mama yake, aliiweka miwani hiyo sakafuni na kuikanyaga, akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemfungua macho. Watu walipiga vigelegele hadi ng'ambo ya bonde. Jumanne mama yake akamleta kituoni, Judith akaandika maelezo. Kwamba Alhamisi ya tarehe sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alimwona kwa macho yake Halidi, dereva wa bodaboda, akimpiga mjomba wake Judith, Agustino, kwa jiwe kisogoni na kumsukuma kutoka darajani.

Maelezo hayo ndiyo yalikuwa kesi nzima. Ukiyaondoa, linabaki jiwe lililooshwa na mvua na ugomvi wa Halidi na marehemu juu ya magunia mawili ya karoti yaliyolowa njiani. Leo ilikuwa Alhamisi ya tarehe ishirini. Kesho saa nane mchana Halidi angepandishwa kizimbani kwa kosa la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Kijana wa miaka ishirini na sita akishaingia mahabusu kwa kosa hilo, mama yake atahesabu Ramadhani ngapi kabla hajamwona tena nyumbani?

"Ameinua mkono wa kulia," Judith alisema. "Vidole vitatu. Sasa viwili. Ametoa karatasi, imeandikwa saba, nne, tisa." Aliinama dirishani. "Sasa anatoa kitu mfukoni. Anakula karanga, Afande."

Mwanahawa alichungulia. Kweli, Rogers alikuwa anatafuna.

"Bwege yule," alisema, na haikujulikana kilichomuudhi zaidi ni karanga au ni jibu. Alikuwa amepanda mlima huu tangu alfajiri akiamini kwamba binti haoni. Binti anaona kuliko yeye.

Filomena, mama yake Judith, aliingia bila kubisha hodi. Kijijini walimwita Mama Oscar, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mwanamke mnene, mpole, kitambaa cheupe kichwani, sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Shikamoo, Mama Oscar," Mwanahawa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ningekukaribisha chai lakini najua umefunga." Alimshika Judith bega. "Umeona mwenyewe? Mungu si Athumani. Mwaka mzima nimemwombea huyu, nikawaambia watu waziwazi, hataponywa na daktari, ataponywa na Bwana. Na leo?"

"Nimeona, mama. Anasoma namba kutoka darajani."

"Basi haki itendeke. Yule mama yake Halidi namhurumia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Mwanahawa alisogea mbele. Alikuwa anatazama fremu ya dirisha. Pazia lilining'inia kwenye waya, kama mapazia ya watu wote. Lakini kuzunguka fremu kulikuwa na misumari sita ya inchi mbili, bado inang'aa, na kwenye mmoja kulikuwa na nyuzinyuzi za sufu ya buluu.

"Hii misumari ya nini?"

"Ya pazia," Filomena alisema haraka.

"Marehemu alizikwa Jumamosi ya tarehe nane, siyo?"

"Jumamosi. Mimi ndiye dada yake wa pekee, nilimzika kwa mikono hii."

"Na wewe, Judith? Ulimtupia mjomba udongo?"

Judith alifungua mdomo. Mama yake akamtangulia.

"Alikuwa na malaria, Afande. Hata kusimama hakuweza."

Mwanahawa aliitikia kwa kichwa, akaandika. Yeye mwenyewe alikuwa Mluguru wa upande wa Matombo, na hilo liligoma kabisa kumwingia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye baba kuliko baba. Mpwa mgonjwa angebebwa kwa machela mpaka makaburini, hata kama ni wa kurudishwa kaburini mwenyewe kesho yake. Hapakuwa na mtu wa kumficha ndani binti kwenye msiba wa mjomba wake, ila kwa sababu moja: kuna kitu hakitakiwi kuonekana.

Walipokuwa wanatoka, Judith aligeukia ukutani, akatoa kichupa kidogo kifuani mwake na kujitia matone machoni, harakaharaka, kama mtu anayevuta sigara chooni. Uani Oscar alikuwa ameketi juu ya gogo ananoa jembe. Hakusalimia. Mwanahawa naye hakumsemesha. Alimwita Rogers, akamwambia atupe hizo karanga, wakashuka mjini.

*

Duka la miwani la mtaa wa Kihonda lilikuwa kati ya fundi vyerehani na mashine ya kusaga. Mtaalamu wa macho, Devotha, aliisoma barua ya polisi mara mbili, akaikunja na kuiweka kwenye droo.

"Bila hii nisingekwambia hata jina lake," alisema. "Mgonjwa ni mgonjwa."

"Ndiyo maana nimekuja nayo."

Devotha alitoa kadi. "Judith nimemhudumia tangu yuko sekondari. Haoni mbali. Jicho lake refu kuliko kawaida, kwa hiyo picha inatua kabla haijafika kule nyuma inakotakiwa. Kila mwaka namba ilipanda. Mwisho ikafika hasi sita na nusu, macho yote mawili. Bila miwani, uso wa mtu aliyekaa hapo ulipo wewe ni ukungu."

"Hali hiyo inaweza kupona? Kwa maombi?"

"Mimi nasali kila Jumapili, Afande. Lakini jicho lililorefuka sijaona likifupika, wala kwa maombi wala kwa karoti za kwao Mgeta. Huyu ametibiwa kwa leza, Dar es Salaam. Niliyemwandikia rufaa ni mimi."

Mwanahawa aliegemea kiti. Kwa hiyo muujiza ulikuwa na risiti. Lakini hilo lilimsaidia nini? Aibu ya kanisani si kosa la jinai. Kama leza imempa macho, macho hayo ndiyo yaliyomwona Halidi, na kesi inakaza badala ya kulegea. Alikuwa amekuja hapa kumtoa kijana kitanzini na sasa anamkazia kamba. Alichukia kazi yake kwa muda wa pumzi moja, kisha akauliza swali ambalo angepaswa kuanza nalo.

"Lini?"

Devotha aliweka kidole kwenye kadi. "Upasuaji Jumanne, tarehe nne Machi. Jumatano walirudi na treni."

"Mjomba wake ameuawa Alhamisi tarehe sita. Basi siku ya pili alishakuwa anaona."

"Nani kakwambia?"

"Si watu wanasema? Unaingia asubuhi, kesho yake unasoma gazeti."

"Wengine, ndiyo. Wale wanaofunuliwa kipande chembamba cha konea, hiki kioo cha mbele cha jicho, halafu kinarudishwa kama kifuniko. Konea ya Judith ni nyembamba, hiyo haikumfaa. Yeye walimkwangua utando wa juu, leza ikachonga chini yake, wakafunika na lenzi laini mpaka utando uote upya." Devotha alisema polepole sasa, kwa sababu alishaona uso wa mgeni wake. "Hapo siku tatu nne za mwanzo ni mateso, Afande. Machozi yanatiririka, mwanga unachoma kama umepakwa pilipili. Tunawaambia wakae gizani. Kuona kunarudi taratibu, wiki, wiki mbili."

"Siku ya pili, alfajiri, angeweza kumtambua mtu hatua mia na sitini?"

"Siku ya pili asingemtambua mama yake mzazi kwenye kiti hicho. Na asingefumbua macho kumtafuta."

"Una uhakika na tarehe?"

"Lenzi ile ya kufunika nimeitoa mimi mwenyewe, Jumatatu tarehe kumi. Mama yake alimleta kavikwa mtandio uso mzima. Aliniomba sana nisimwambie mtu. Nikadhani ni haya tu."

Mwanahawa aliandika kila neno, Devotha akasoma na kusaini. Hapo ndipo alipompigia simu mkuu wake wa upelelezi, Bartholomeo.

"Shahidi anaona au haoni?" Bartholomeo aliuliza.

"Anaona, afande."

"Basi tumemaliza."

"Anaona leo. Siku ya tukio alikuwa hawezi kufumbua macho."

"Kwa hiyo amesema uongo ili iweje?"

"Sijui bado."

"Kesho saa nane mahakama. Usiniletee hadithi nusu, Mwanahawa. Wakili wa serikali hali hadithi nusu."

Getini mwa kituo Mwajuma, mama yake Halidi, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, bakuli la futari limefunikwa kwa kanga. Alisimama alipomwona.

"Afande, nasikia yule binti Mungu amemponya macho."

"Wanasema hivyo, mama."

"Mungu huyohuyo, basi. Huyohuyo mmoja." Alimpa bakuli. "Mpe ale. Siku ile aliswali alfajiri akarudi kulala. Nilimfunika shuka mwenyewe. Lakini mimi ni mama, nani ataniamini?"

Mwanahawa alipokea bakuli. Akalipeleka mahabusu mwenyewe.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi walikuwa tena mlimani. Safari hii Mwanahawa aliomba kuongea na Judith peke yake. Filomena alikataa kwa upole, kisha akakataa bila upole, mwisho akakubali kukaa uani na Rogers. Oscar alikuwepo pia, juu ya gogo lake lilelile. Rogers aliketi kati yao na njia ya kutokea.

Chumbani Mwanahawa alifunga mlango, akaweka nakala ya kadi ya Devotha juu ya kitanda. Judith aliitazama. Hakuhitaji kuisogeza karibu.

"Nilijua utafika huko," alisema. "Tangu ulipouliza misumari."

"Ulikuwa unajua kusema uongo wa mauaji ni kosa?"

"Sikusema uongo, Afande. Halidi alikuwepo. Ila sikumwona mimi, aliyemwona ni mama." Maneno yalianza kumtoka kwa kasi. "Mama hawezi kuapa, imani yake inamkataza kushika Biblia na kuapa. Akaniambia, wewe nenda, watu wote wanajua macho yako Mungu ameyafungua, watakuamini. Useme nilichokiona mimi. Ukweli ni uleule, akasema, hata ukipita mdomo mwingine."

"Na wewe ukakubali."

"Mjomba wangu ameuawa! Sikumzika. Nilikuwa humu ndani kama mfu, nasikia watu wanalia, siruhusiwi hata kutoka mlangoni, kwa sababu mama alishawaambia watu mimi siendi kwa daktari. Nikaona angalau nimsaidie hivyo."

Mwanahawa alimwacha alie. Kisha akavuta kigoda.

"Nieleze asubuhi ile. Usichosikia usikiseme."

"Kulikuwa na manyunyu. Macho yalikuwa yanawaka moto. Mama alikaa hapa kitandani ananitia dawa. Nikasikia mtu amepiga kelele kule chini, mara moja tu. Nikauliza, nini hicho? Baadaye mlango wa nyuma ukafunguliwa, maji yakamwagwa uani, kama mtu ananawa. Mama akatoka. Aliporudi alikaa palepale, akaendelea kunitia dawa. Akawa anakosea jicho, matone yakawa yananiangukia shavuni. Ndipo akasema, 'Halidi huyo, namwona anakimbia. Amemwua kaka yangu.'"

"Akiwa amekaa?"

"Amekaa."

"Upande gani?"

Judith alionyesha ukingo wa kitanda, mgongo ukiwa dirishani.

"Kulikuwa na mwanga chumbani?"

"Hapana. Ningepiga kelele kwa maumivu. Tangu tumefika Jumatano mama alipigilia lile blanketi la buluu..."

Aliishia hapo. Mkono wake ulibaki hewani umeelekea dirishani, kwenye misumari sita.

Mwanahawa hakumsaidia. Kuna mambo mtu inabidi ayafikie kwa miguu yake.

"Blanketi lilikuwa limepigiliwa," Judith alisema tena, taratibu. "Pande zote. Hakukuwa na pa kuchungulia."

"Lilitolewa lini?"

"Jumatatu. Tuliporudi kwa Devotha."

"Basi mama yako alimwona Halidi kupitia wapi? Na alijuaje kaka yake amekufa, wakati mwili umekutwa saa sita mchana?"

Judith alianza kutikisa kichwa. Alitikisa muda mrefu.

"Aliyekuwa ananawa uani ni nani?" Mwanahawa aliuliza.

"Mama alisema ni Oscar. Alitoka kumwagilia mboga."

"Kwenye manyunyu?"

Judith alifunika uso kwa viganja.

"Mwenyekiti aliniambia mjomba aligawa shamba lake la bonde la chini. Alimpa nani?"

"Mimi," Judith alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Alisema mbele ya ukoo, ardhi inakwenda na mwanamke. Watoto wa Oscar ni wa ukoo wa mke wake, si wetu. Oscar aliondoka kikaoni bila kuaga. Nilidhani hasira zimeisha, Afande. Wallahi... sijui hata naapa nini. Nilidhani zimeisha."

Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama aliniuguza siku nne," alisema. "Alikuwa halali. Kila saa anaamka ananitia dawa, ananipepea. Aliogopa nisije nikapofuka. Kaka yake kalala mochwari na yeye ananipepea mimi." Alimtazama Mwanahawa. "Watamfunga?"

"Ameficha mauaji na amekutuma kumzulia mtu. Sitakudanganya."

"Na Oscar?"

"Oscar ni mauaji."

"Na nikinyamaza?"

"Saa nane mchana Halidi anasomewa shitaka. Mama yake amekaa getini kwetu tangu Jumanne."

Judith aliangalia dirishani. Kule chini mtu alikuwa anavuka daraja na kikapu cha njegere kichwani. Bila shaka alimwona mpaka vidole.

"Andika," alisema.

Mwanahawa aliandika kurasa mbili na nusu, kwa mwandiko wake mkubwa, bila kumwongezea neno. Alipomaliza alimpa karatasi na kalamu.

"Sheria inataka usome kwanza mwenyewe. Usisaini usichokisoma."

Judith alishika karatasi mbali kidogo na uso, umbali ambao watu wenye macho mazima hushika, na kuanza kusoma. Macho yake hayakuruka mstari. Uani Rogers alikohoa. Gogo lilisogea, kisha likatulia.

"Judith!" Ilikuwa sauti ya Filomena, yenye joto, sauti ya mama yeyote anayemkumbusha mtoto. "Mwanangu, saa nne hii! Dawa ya macho hujatia!"

Pengine Filomena alishajisikia akitaja dawa ya macho yaliyoponywa na Mungu, mbele ya askari.

"Nakuja, mama," Judith alijibu.

Hakwenda. Alifungua ukurasa wa pili, akasoma mpaka alipofika kwenye jina la kaka yake, akasoma mpaka jina la mama. Kisha akasaini, akafuta machozi kwa kiganja, akamrudishia Mwanahawa kalamu.